Kusoma Bango Siyo Kujua Jino

Ndugu msikilizaji, ukisafiri kwa reli ya kati ya zamani kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, ukishaipita Dodoma, ukaipita Manyoni na Itigi, garimoshi huingia katika misitu ya miombo ambayo kwa mgeni huonekana haina mwisho. Stesheni huwa chache na ziko mbalimbali. Unapita Tura, unapita Malongwe, unafika Goweko, kisha Igalula, na baada ya hapo ni Tabora mjini. Goweko ipo katika Wilaya ya Uyui. Wakazi wake ni wakulima, wafugaji na warina asali, watu wa kazi kama walivyo Watanzania wengine.

Njia hiyo ni kongwe kuliko reli. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, sehemu hizo zilipitwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba pembe, nguo na shanga mabegani mwao. Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka 1857, miongoni mwa mambo aliyoyaandika juu ya Wanyamwezi ni meno. Aliandika kwamba walichonga pembe za meno yao ya mbele. Kwa watu wa wakati ule jino lilikuwa na maana yake, nao waliifahamu.

Lakini misafara haikubeba mizigo peke yake. Ilibeba pia habari, dawa, imani na uvumi. Hata leo barabara na reli hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo sababu nimeitaja Goweko. Nataka tujiulize: maarifa ya afya yanayotoka mjini humfikia vipi mama aliye katika kijiji cha kando ya stesheni kama ile? Na yakimfikia, je, huwa bado ni maarifa, au yameshageuka maneno matupu? Leo nitazungumzia maarifa ya kinywa na meno, kwa kuwa hapo kutoelewa kunaweza kuyagharimu maisha ya mtoto mchanga.

Watafiti wa dunia wamelipa jambo hili jina. Kwa lugha yetu tunaweza kuliita uelewa wa afya ya kinywa. Maana yake ni uwezo wa mtu kuzipata habari za meno na kinywa, kuzifahamu, na kuzitumia anapoamua la kufanya. Wazo la uelewa wa afya kwa jumla lilianza kutajwa katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1974, huko Marekani. Kwa upande wa meno lilichelewa sana. Ni mwaka 2004 tu ambapo taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa meno iliwakusanya wataalamu kulijadili, na mwaka uliofuata taarifa yao ikachapishwa. Taarifa hiyo ilieleza kwamba kutoelewa ni kizuizi kisichoonekana baina ya mgonjwa na afya ya kinywa chake.

Baada ya hapo watafiti walitaka kipimo, kwani mtaalamu haridhiki mpaka apime. Mwaka 2007 zikatokea njia mbili zilizopata sifa. Ya kwanza ilikuwa orodha ya maneno 30 ya Kiingereza yanayohusu meno, mengine mepesi kama neno sukari, mengine magumu ya kitaalamu. Mgonjwa aliambiwa ayasome kwa sauti, na kila neno alilolitamka sawasawa lilimpa alama moja. Njia ya pili ilimpa mgonjwa vifungu vya maelezo vyenye nafasi za kujaza, pamoja na maswali ya hesabu, kwa mfano namna ya kufuata maagizo ya dawa.

Sasa, ndugu msikilizaji, hebu tuilete ile njia ya kwanza hapa kwetu. Kiingereza hakisomwi kama kinavyoandikwa. Mtu akilitamka sawasawa neno gumu la Kiingereza, hiyo ni dalili kwamba amewahi kulisikia mahali, na pengine analijua. Kiswahili sicho hivyo. Mtoto wa darasa la pili aliyefundishwa silabi zake vizuri atakusomea neno lolote utakalomwandikia, hata kama hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Mwandikie "ufizi", mwandikie "ukoga", mwandikie "floraidi", atayasoma yote bila kukwama. Kipimo kitampa alama zote 30, na maana ya hayo aliyoyasoma asiijue hata moja.

Hilo si jambo dogo. Taifa letu lilifanya kazi kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma. Wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, watu wazima waliojua kusoma walikuwa kama theluthi moja tu. Mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima 9 kati ya 10 wanajua kusoma na kuandika. Ilikuwa sifa kubwa, na tulistahili kujivunia. Lakini kujua kusoma ni ufunguo, na mtu anaweza kuwa na ufunguo mkononi huku mlango wenyewe hajauona uko wapi.

Mlango wa meno tunauona vizuri tukilitazama jambo linaloitwa "meno ya plastiki". Wengine huyaita "meno ya nailoni". Huenda msikilizaji wa mjini umelisikia, na pengine ulicheka. Tafadhali tusicheke.

Tuseme yupo mama kijijini, na mtoto wake ana miezi 7. Mtoto anapata homa, anaharisha, analia usiku kucha na hataki kunyonya. Bibi ya mtoto anaingiza kidole kinywani, anakuta ufizi umevimba kidogo mahali pa meno chonge na rangi yake imepauka. Jirani anasema, hayo ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto atakufa. Wanampeleka kwa mtu anayejua kuyatoa. Huyo anaukata ufizi kwa kisu, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, na anachomoa kitu cheupe, laini, kama kipande cha plastiki. Anawaonyesha. Nani atabisha? Wamekiona kwa macho yao!

Ni kweli wamekiona, ila kile walichokiona si plastiki. Ni chipukizi la jino halisi la mtoto, jino chonge la utotoni, ambalo bado halijakomaa wala halijawa gumu. Kila mtoto mzima wa afya analo. Kwa kawaida meno ya kwanza hutokeza mtoto anapokaribia miezi 6, nayo huwa ni ya mbele. Chonge huja baadaye, mara nyingi mtoto akiwa ameshapita mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kabla ya hapo hukaa ndani ya ufizi na kuufanya utune kidogo. Mganga akikata ufizi wa mtoto yeyote mwenye umri huo, mgonjwa au mzima, atakuta kitu kilekile cheupe.

Basi homa na kuharisha hutoka wapi? Hapa pana maelezo yanayostahili kutangazwa kila wiki. Mtoto anapofikia nusu mwaka, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Kinga aliyopewa na mama yake tangu tumboni inakuwa imepungua. Anaanza kutambaa na kutia kinywani kila anachokiokota. Anaanza kupewa uji na maji, na vyombo huenda si safi. Mbu nao hawamwachi. Kwa hiyo huo ndio umri wa kuharisha na wa malaria, na ndio huohuo umri wa meno kuchipua. Mambo mawili yanakuja siku moja, na binadamu kwa kawaida yake anasema hili limesababishwa na lile. Jino linapewa kosa la maji machafu na la mbu.

Matokeo yake ni mabaya. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, akapata pepopunda, akaambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumiwa kwa wengine, au sumu ya vijidudu ikaingia katika damu. Jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika au lisiote kabisa. Na juu ya yote hayo, malaria yake au kuharisha kwake hakujatibiwa, na saa zinakwenda.

Wala hili si jambo la kabila moja wala la mkoa mmoja. Mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliliandika mwaka 1969 kutokana na aliyoyaona kaskazini mwa Uganda. Kwetu Tanzania, Matee na van Palenstein Helderman waliandika mwaka 1991 juu ya meno ya nailoni, na Hiza na Kikwilu wakafuata mwaka 1992 na tena mwaka 1997. Huko Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya watoto wa Kimaasai wa vijijini ulikuta asilimia 87 ya watoto waliochunguzwa wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 2 wameshatolewa chipukizi moja au zaidi. Ethiopia na Sudan nako limeandikwa. Imani hii imesafiri kama misafara ya zamani, na haikuuliza mipaka.

Sasa zingatia jambo moja. Yule mama katika mfano wetu huenda anajua kusoma. Huenda hata zahanati ya karibu ina bango ukutani, limeandikwa kwa Kiswahili safi kwamba hakuna meno ya plastiki. Amelisoma, na kila neno amelitamka. Lakini bango limemwambia "hakuna", na macho yake yamekiona kitu cheupe kimetolewa kwa mtoto wa jirani. Bango halikumweleza kile kitu cheupe ni nini. Kwa hiyo akili yake, ambayo ni timamu kabisa, inaamini macho na kuliacha bango. Tusimwite mjinga. Aliyeandika bango ndiye aliyeacha kazi nusu.

Hapo ndipo mwelekeo wa utafiti ulipogeukia katika miaka ya karibuni. Zamani swali lilikuwa moja: mgonjwa huyu anaelewa kiasi gani? Sasa swali la pili limeongezwa: sisi tunaomweleza, tunaeleweka kiasi gani? Mwaka 2013 watafiti wa Australia walitoa kipimo kilichoandaliwa pamoja na wenyeji wa asili wa nchi ile. Kipimo hicho hakimwombi mtu asome maneno kwa sauti. Kinamuuliza kama anaweza kumpata mtu wa kumsaidia, kama anamudu gharama, kama anajua pa kwenda, kama anaweza kumwomba daktari amweleze tena. Hapa nchini pia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joyce Masalu na mwenzake Anne Nordrehaug Åstrøm wa Norway walilileta katika Kiswahili dodoso linalouliza jinsi meno yanavyomsumbua mtu katika kula, kusema, kulala na kucheka. Mgonjwa anaulizwa maisha yake kwa lugha yake, naye hujibu anachokijua.

Pamekuwapo na fundisho jingine, chungu kidogo. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti juu ya mpango wa kufundisha afya ya meno katika shule za msingi za Tanzania. Watoto waliofundishwa walilinganishwa na wasiofundishwa. Katika ukoga, katika kutoka damu kwa fizi na katika kuoza kwa meno, haikuonekana tofauti ya maana. Miaka hiyohiyo wataalamu wawili, Elizabeth Kay na David Locker, walizikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kukuta jambo linalofanana: mafundisho huongeza maarifa, lakini maarifa peke yake hubadili matendo kidogo sana. Mtoto anajua kwamba apige mswaki mara mbili kwa siku, na akiulizwa katika mtihani anapata alama. Nyumbani mswaki ni mmoja wa watu watano, au haupo.

Je, tukate tamaa? La hasha. Tunao mfano wetu wenyewe, na ulipita katika redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Meno hayakuwamo. Lakini angalia namna ilivyofanywa. Redio iliponyamaza, kikundi ndicho kilichoanza kusema. Watu waliulizana, walibishana, na mwisho waliamua jambo la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika mazungumzo yaliyoishia kwenye jembe.

Njia ambayo watafiti wa leo wanaisifu inafanana na hiyo. Ni kumwomba mgonjwa aeleze mwenyewe alichokielewa. Sisi tuna adabu zetu. Daktari akiuliza "Umeelewa?", mama atajibu "Ndiyo, daktari", hata kama hakuambulia neno, maana kumwambia mkubwa kwamba hujamwelewa huonekana ni kumkosea heshima. Kwa hiyo swali lile halifai kitu. Mganga mwenye busara atauliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani, mama mkwe akikuuliza tumezungumza nini, utamjibuje?" Hapo atajua kilichoingia na kilichomwagika. Tena atakuwa amemgusa yule mwenye kauli nyumbani, kwa sababu mara nyingi si mama peke yake anayeamua mtoto apelekwe wapi.

Nawe msikilizaji wa mjini, usidhani haya ni ya Goweko tu. Ni wangapi kati yetu, wenye vyeti na vitambulisho vya kazi, tunaokwenda kwa daktari wa meno siku tu tunapotaka kung'oa? Bado wako wanaoamini jino hutobolewa na mdudu. Ukweli ni kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari tunayoila, vikatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha jino kidogokidogo. Tundu likiwa dogo huzibwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino huo ukuta ni ghali.

Tena kuziba hakuhitaji lazima mashine na umeme. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Muhimbili, Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa saruji maalumu inayoshikana na jino. Njia iliyozaliwa Tanzania imeenea duniani, na saruji ile pamoja na dawa ya meno yenye floraidi viliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Lakini mgonjwa asiyejua kwamba jino linaweza kuzibwa, hata akiikuta huduma, ataomba kung'olewa.

Hata floraidi yenyewe inatuchanganya. Tunasikia kwamba watu wa Arusha na Kilimanjaro wana meno ya rangi ya kahawia kwa ajili ya floraidi iliyozidi katika maji, na hapohapo tunaambiwa tununue dawa ya meno yenye floraidi. Tuamini lipi? Yote mawili, maana jambo ni kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Floraidi kidogo inayopakwa juu ya jino huliimarisha. Floraidi nyingi inayomezwa kila siku utotoni hulitia madoa. Ndiyo maana mtoto mdogo apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu, na mkubwa ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.

Mwaka 2022 Shirika hilo lilikadiria kwamba watu kama bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, karibu nusu ya binadamu wote. Si haba. Lakini kwa leo nakuomba ubebe moja tu. Wengi wenu mna ndugu vijijini, na siku hizi simu inafika upesi kuliko garimoshi. Ukipigiwa ukaambiwa mtoto ana meno ya plastiki, usiseme "hayo ni mambo ya kishamba". Waeleze kile kitu cheupe ni nini. Waambie ni jino la mtoto wao, linasubiri siku yake. Kisha waambie wampeleke zahanati leo hii, apimwe malaria, apewe dawa ya maji ya chumvi na sukari, na mama aendelee kumnyonyesha. Ikiwa pakiti ya dawa hiyo haipo karibu, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, vitamsaidia njiani.

Ukimaliza, usiulize kama wameelewa. Waombe wakueleze wao watafanya nini.

Kwa leo naishia hapo.